Nipumzike Nikingoja Nini? Mafunzo ya Umri Mfupi wa Abul-Qasim al-Shabbi

Tuna neno ambalo hututoka kila anapofariki kijana. Tukishawapa mkono wafiwa na kukaa mkekani, mmoja wetu husema kwa sauti ya chini: "Maskini, hata dunia hakuiona." Wengine huitikia kwa kutikisa kichwa. Ni neno la huruma, wala simlaumu anayelisema. Lakini ukilitafakari utaona limebeba hukumu ndani yake. Linasema kwamba uhai una kipimo kamili, pengine miaka 60 au 70, na aliyeondoka kabla ya kipimo hicho ameondoka na mkono mtupu.

Imani yetu haisemi hivyo. Sisi twaamini kuwa ajali ya mja imeandikwa na haisogei mbele wala nyuma hata saa moja. Aliyekufa na miaka 25 hakunyang'anywa miaka 40 iliyokuwa yake. Miaka yake ilikuwa ni hiyo 25. Jambo hili ni jepesi kulitamka katika darsa baada ya swala ya Alasiri. Ni zito mno kuishi nalo nyumbani, hasa pale ambapo mwenye kutiliwa shaka ya umri ni mtoto wako wa kumzaa.

Naandika haya nikiwa baba. Binti yangu wa tatu ana miaka 19. Alipokuwa na miaka 11 aliumwa koo, na wiki chache baadaye viungo vikaanza kumvimba. Leo goti, kesho kifundo cha mguu. Madaktari walitueleza kuwa hiyo ni homa ya baridi yabisi, maradhi ambayo huanza na maambukizi ya koo na kwa baadhi ya watoto huishia kuharibu vali za moyo, yaani vile vilango vinavyoipitisha damu upande mmoja na kuizuia isirudi nyuma. Vali moja ya binti yangu haifungi sawasawa. Tangu siku hizo huchomwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne ili homa ile isirudi na kuongeza madhara.

Mwaka huu amemaliza kidato cha sita, amefaulu, na amepata nafasi ya kusomea ualimu katika chuo kikuu kilichoko Dodoma. Sisi tunaishi Tanga. Habari ambayo katika nyumba nyingine ingepikiwa pilau, kwetu ilifungua mjadala wa wiki tatu. Dada yangu mkubwa, shangazi yake mtoto, alisema kwa mapenzi tupu: "Mwenye moyo mgonjwa hapelekwi mbali na mama yake. Muda alio nao, mwacheni apumzike." Mke wangu hakusema kitu, na nyumbani kwangu kimya chake ndicho huwa na uzito kuliko maneno. Binti mwenyewe aliniuliza swali moja tu, kwa adabu: "Baba, nipumzike nikingoja nini?"

Sikuwa na jibu la papo hapo. Nilichokuwa nacho ni kitabu. Kazi yangu ni kusomesha Kiarabu, na katika ujana wangu, nilipokuwa mwanafunzi Unguja, niliwahi kuisoma diwani ya mshairi wa Tunisia, Abul-Qasim al-Shabbi. Wakati ule nilimsoma kwa ajili ya lugha. Safari hii nilimsoma kama mtu anayetafuta ushauri, kwa kuwa nilikumbuka jambo moja juu yake: naye alikuwa kijana mwenye moyo mgonjwa.

Al-Shabbi alizaliwa tarehe 24 Februari 1909 katika kijiji cha Shabbiyya, karibu na mji wa Tozeur, kusini mwa Tunisia, nchi ya chemchemi na mitende pembezoni mwa jangwa. Nchi yao ilikuwa chini ya himaya ya Wafaransa tangu mwaka 1881. Baba yake alikuwa kadhi, na kwa sababu ya kazi hiyo familia ilihamahama kutoka mji hadi mji, mtoto akikua kila mara miongoni mwa watu wapya. Mwaka 1920, kabla hajatimiza miaka 12, alipelekwa Tunis kusoma katika Msikiti wa Zaytuna, chuo kikongwe kilichotoa wanazuoni kwa karne nyingi. Alipohitimu hapo aliendelea na masomo ya sheria. Hakujua Kifaransa wala lugha nyingine ya Ulaya. Alichokisoma cha mataifa mengine alikisoma kupitia tafsiri za Kiarabu.

Mwanzoni mwa mwaka 1929, akiwa kijana anayekaribia miaka 20, alisimama katika ukumbi wa Khaldunia mjini Tunis na kutoa mhadhara juu ya ubunifu katika ushairi wa Waarabu. Aliwaambia wazee wa fani hiyo kwamba ushairi wa kale, pamoja na ufasaha wake wote, umeshughulika mno na sura za nje za vitu. Maneno yake yalizua zogo. Wapo waliomwona shujaa, na wapo waliomwona kijana asiye na heshima kwa waliomtangulia. Mwaka huohuo baba yake akafariki. Al-Shabbi ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza. Mzigo wa mama na wadogo zake ukamwangukia. Na moyo wake wenyewe ulikuwa umeshaanza kumsaliti.

Kuna ukurasa katika shajara yake ya Januari 1930 ambao niliusoma mara tatu usiku mmoja. Anaeleza namna alivyopita mahali akawaona watoto wakicheza mashambani na wanafunzi wakifanya mazoezi kwenye hewa safi, akatamani kuwa kama wao. Kisha anajikumbusha kuwa daktari amemkataza, kwani moyo wake ni dhaifu. Hakuna kelele katika ukurasa ule, wala hamshitaki mtu. Ni kijana wa miaka 20 anayetazama mchezo asioweza kuuingia, akaandika anachokiona.

Nilimkumbuka binti yangu akiwa kidato cha pili, ameketi kivulini na vitabu vya wenzake mapajani huku wao wakicheza netiboli. Alikuwa mtunza vitabu wa darasa zima. Nilipomweleza habari za shajara hiyo alitabasamu, akasema: "Basi na yeye walimpa vitabu avishike."

Fundisho la kwanza nililolipata ni hili: maradhi huchukua sehemu ya maisha, hayachukui yote, na ni wajibu wa mgonjwa na watu wake kujua mpaka uko wapi. Al-Shabbi alikatazwa kujitaabisha mwili. Hakukatazwa kuwaza, kusoma, kuoa, kulea wala kuandika. Alioa, akaruzukiwa watoto wawili wa kiume. Alipokwenda Ain Draham, milimani kaskazini-magharibi, kutafuta hewa njema, kalamu yake haikubaki nyumbani. Mashairi yake yalivuka mipaka hadi Cairo na kuchapishwa katika jarida la Apollo, ambalo wakati huo lilikusanya washairi wapya wa Kiarabu. Miaka yake ya mwisho, ambayo mwili wake ulikuwa hoi zaidi, ndiyo iliyozaa mashairi yake makubwa.

Basi nasi tulirudi kwa daktari tukiwa na orodha ya maswali. Tulitaka kutenganisha alichokataza tabibu na alichokataza woga wetu. Tulishangaa jinsi orodha ya tabibu ilivyo fupi. Asibebe mizigo mizito wala kushindana mbio. Asikose sindano yake hata mwezi mmoja. Homa au koo likimshika, aende hospitali siku hiyohiyo. Apimwe moyo kwa vipindi alivyopangiwa. Na wakati wa kuolewa ukifika, mume mtarajiwa aelezwe ukweli kabla ya posa kukubaliwa, na ushauri wa daktari utafutwe kabla ya kubeba mimba, kwa kuwa mimba huuongezea moyo kazi. Kusoma Dodoma hakukuwemo katika makatazo yake. Hilo lilikuwa katika orodha yetu sisi.

Fundisho la pili ni kuhusu wajibu. Sisi tunaomuuguza mpendwa wetu huelekea kumgeuza awe mtu wa kupokea tu: kuletewa maji, kufuliwa, kuombewa dua. Tunadhani tunamfanyia ihsani, kumbe tunamnyima jambo ambalo kila mwanadamu analihitaji, nalo ni kuwa na manufaa kwa wengine. Al-Shabbi alikuwa mgonjwa na wakati huohuo alikuwa baba, kaka mkubwa, na mtetezi wa watu wa nchi yake waliokuwa chini ya utawala wa kigeni. Majukumu hayo yalimchosha, hakuna shaka. Lakini siwezi kuamini kwamba angepata raha zaidi kama angewekwa chumbani akahesabiwa mapigo ya moyo. Binti yangu anataka kuwa mwalimu kwa sababu amewahi kuwafundisha hesabu watoto wa mtaani kwetu, akaona nyuso zao zikibadilika walipoelewa. Anayemwambia apumzike anamtaka aiache furaha hiyo.

Hapa najua baadhi ya wasomaji watakuwa na neno. Shairi maarufu kuliko yote ya al-Shabbi, Iradat al-Hayat, yaani Nia ya Kuishi, aliloliandika mwaka 1933, limewahi kupingwa na wanazuoni. Hoja yao ni kwamba, ukilichukua kwa dhahiri yake, shairi lile linaifanya kadari ifuate matakwa ya wanadamu, ilhali matakwa yetu ndiyo yaliyo chini ya kadari ya Mwenyezi Mungu. Hoja hiyo si ya kubezwa, na mwalimu yeyote anayelisomesha shairi lile anapaswa kuieleza. Wapo pia waliolitetea kwa kusema kuwa mshairi aliwalenga watu waliokata tamaa, walioufanya uzembe wao kuwa ndiyo tawakkul, na kwamba maana aliyoikusudia iko karibu na aya ya 11 ya Suratur-Ra'd, inayotufunza kuwa Mwenyezi Mungu habadilishi yaliyomo kwa watu mpaka wao wabadilishe yaliyomo nafsini mwao.

Mimi si mufti, nami sitaki kuhukumu baina yao. Ninachojua ni kisa cha Sayyidna Umar (RA) alipokaribia nchi ya Sham akapata habari ya tauni. Alipoamua kurudi, Abu Ubayda (RA) alimuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah. Jibu la Umar, kwa maana yake, ni kwamba anatoka katika kadari ya Allah kwenda katika kadari ya Allah. Sindano ya kila wiki nne ni kadari. Nafasi ya chuo ni kadari. Hata swali la binti kwa baba yake ni kadari. Kuketi na kungoja si kumtegemea Mola zaidi ya kusimama na kutenda. Mara nyingi ni woga uliovaa kanzu ya uchamungu.

Fundisho la tatu linatuhusu sisi tunaobaki. Mwaka 1934 al-Shabbi alikuwa akiipanga diwani yake, Aghani al-Hayat, Nyimbo za Maisha, ili ipelekwe Misri ikachapwe. Kitabu hakikuwahi kutoka. Tarehe 9 Oktoba mwaka huo alifariki hospitalini mjini Tunis, akiwa na miaka 25 na miezi saba, akarudishwa kwao kusini kuzikwa. Kazi yake ingeweza kuishia hapo, karatasi ndani ya sanduku. Lakini ilitunzwa, na mwaka 1955, baada ya miaka 21, diwani ile ilichapishwa Cairo. Mwaka uliofuata Tunisia ikapata uhuru wake, na ndugu yake mshairi akawa waziri wa elimu wa kwanza wa nchi huru. Beti zake zimo katika wimbo wa taifa wa Tunisia. Na mwanzoni mwa mwaka 2011, watu walipojaa barabarani kuudai utu wao, walikuwa wakiyatamka kwa pamoja maneno ya kijana aliyekuwa kaburini kwa zaidi ya miaka 76.

Jambo hili lina mfano karibu nasi kuliko tunavyofikiri. Mwaka uleule wa 1909, huku kwetu Vibambani, karibu na mji wa Tanga, alizaliwa Shaaban Robert. Wawili hao hawakukutana. Mmoja alipewa miaka 25, mwingine 53. Kusadikika kilipotoka mwaka 1951, Shaaban Robert alikuwa na miaka 42. Laiti angeondoka katika umri wa al-Shabbi, tusingekuwa nacho. Hata hivyo naye aliondoka mwaka 1962 akiacha miswada, na Utubora Mkulima tunachokisoma leo kilichapishwa yeye akiwa ameshafariki. Aliyepewa miaka mingi na aliyepewa michache, wote wawili waliacha kazi ambayo mikono ya wengine ilibidi iifikishe. Sijui kama yupo mwanadamu aliyewahi kumaliza.

Mtume (SAW) ametufundisha kwamba mtu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu: sadaka inayoendelea, elimu yenye kunufaisha na mtoto mwema anayemwombea. Katika matatu hayo hakuna hata moja lililowekewa umri. Ndani ya nyumba zetu mna madaftari ya vijana waliotangulia: mashairi, michoro, hesabu za miradi midogo, sauti za qasida zilizorekodiwa katika simu. Mara nyingi baada ya arobaini vitu hivyo hugawanywa au huchomwa, kwa kuwa vinatuumiza kuvitazama. Nawaomba wazazi wenzangu tusiharakie. Tukae navyo kidogo, tuangalie kama kuna chenye manufaa, tukifikishe kinapostahili kufika. Huenda hiyo ndiyo elimu ambayo marehemu wetu anaingojea thawabu yake.

Nisieleweke vibaya. Sitaki kukipamba kifo cha kijana hadi kionekane kizuri. Al-Shabbi aliacha mjane na watoto wadogo, na wimbo wa taifa haumpakati mtoto usiku. Mtume wetu (SAW) alimlilia mwanawe Ibrahim, na hakuna mwenye imani kumshinda yeye. Mzazi anayelia hajapungukiwa na subira. Ninachokikataa ni kule kulia kabla ya wakati. Kumwombolezea mtoto angali hai, anakula nasi na kucheka nasi, huku tukimfungia milango mmoja baada ya mwingine kwa jina la kumhifadhi. Binti yangu anaweza kuishi miaka 70. Anaweza pia kututangulia. Hata mimi, ambaye moyo wangu hauna hitilafu inayojulikana, sina hati ya kuifikia Ijumaa ijayo.

Nilizungumza na dada yangu siku mbili mfululizo. Sikumsomea mashairi, yeye si mtu wa mashairi. Nilimweleza alichosema daktari, nikamweleza na swali la mtoto. Mwishoni aliuliza kama huko Dodoma kuna mahali pa kuchomwa sindano. Nikamwambia papo, na kwamba tarehe zote zimeshaandikwa katika kalenda mbili, moja ya binti na moja itakayobaki kwetu ukutani. Akanyamaza kitambo, kisha akasema atanunua blanketi zito, maana Dodoma usiku kuna baridi. Kwa shangazi yule, hiyo ndiyo ruhusa.

Mke wangu naye ametoa sharti lake: binti apige simu kila siku baada ya Magharibi, hata kama hana la kusema. Binti amekubali. Mimi sikuweka sharti. Nilimpa ile diwani, ambayo kurasa zake zimekuwa rangi ya chai, nikamwambia Kiarabu chake bado ni kichanga kwa mashairi yale, ajikaze. Akaifungua, akatazama mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa wa mwenyewe, akafanya hesabu kwa vidole. "Alifanya haya yote kwa miaka 25?" aliuliza. Nikamjibu kwamba hiyo ndiyo aliyopewa.

Mwenyezi Mungu awarehemu vijana wetu waliotangulia, awape subira wazazi wao, na awajaalie walio hai, wagonjwa na wazima, wautumie umri wao katika yenye manufaa kabla hawajaulizwa waliutumia katika nini. Amin.